Kufuli la Stoo na Koti la Beno

Hivi wewe umewahi kumwona mtu amesimama nje ya mlango, ufunguo anao mwenyewe kiganjani, na bado anasubiri aje mtu amfungulie? Usicheke. Wapo. Na wala si wendawazimu. Wengine wamesoma hadi chuo kikuu, asubuhi wanapiga pasi gauni, wanafunga mlango, wanaenda kazini kama watu.

Mmoja wao ni Candida wa Masasi, mjane wa Beno. Beno alikuwa fundi cherehani, lakini si mshonaji. Yeye alitengeneza cherehani zenyewe zinapokorofisha, kibarazani kwa watu, mtaa wa Livingstone. Aliugua homa, ikampanda kichwani, hospitali hawakuwahi kuishusha. Wakampeleka kwao Rombo, wakamzika penye migomba ya baba yake. Candida hakulia. Si kwamba alijikaza. Alikitafuta kilio kama mtu anavyotafuta miwani, akapapasa huku, akapapasa kule, hakukiona, akaacha. Tangu hapo alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Akarudi mjini, akarudi kazini. Ofisi yao ilikuwa Kariakoo, mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya mabegi ya jumla. Chumba kimoja, meza mbili, feni moja yenye kelele, na birika la umeme ambalo mfuniko wake umefungwa kwa uzi. Meza ya dirishani ya Candida, meza ya mlangoni ya Uledi. Uledi ni Mzaramo wa Kisarawe, mwenye maneno mengi kuliko redio. Wawili hao walitengeneza programu ya kompyuta kwa ajili ya wenye maduka: inapokea mauzo, inapunguza mzigo stoo, inatoa risiti. Wakaiita Stoo, basi, hawakujisumbua.

Stoo ilifanya kazi miaka mingi bila maneno kwenye kompyuta za Windows. Kisha mteja wao mkubwa, Bi Sabaha wa vitenge, mtaa wa Kongo, akaamua kufungua duka jipya. Akanunua kompyuta ndogo za bei nafuu, vijiboksi vyeusi, na ndani yake hamna Windows, mna Linux. Mfumo mwingine, mashine ileile. Ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja: milango inafanana, madirisha yanafanana, lakini desturi za ndani kila moja na zake. Wakaihamishia Stoo humo. Inawaka vizuri, inapokea mauzo ya kwanza, halafu inaganda.

"Imestaki tena?" Uledi aliuliza siku ya Alhamisi, bila kugeuka.

"Imestaki."

"Inasema nini?"

"Haisemi."

"Bora ingetukana. Programu inayotukana unajua pa kuanzia. Hii imekaa tu kama mke aliyenuna." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akakohoa. Alimwita Candida shemeji, maana Beno ndiye aliyekuwa rafiki yake kwanza. "Nisamehe, shemeji."

"Hamna shida."

Na kweli haikuwapo shida. Maneno yalimfikia Candida yakiwa yamepoa, kama chai iliyosahaulika. Aliizima ile kompyuta, akaiwasha, akaandika mauzo ya doti moja ya kitenge, akangoja. Kioo kikabaki kilekile. Mshale ukisogea, lakini hakuna kinachoitika. Chini mtaani makuli wanapiga kelele watu wapishe mkokoteni, mwenye spika anatangaza mashuka, na yeye anatazama kioo kilichokufa macho wazi.

Simu ikaita. Bi Sabaha. Candida akaiweka sauti ya nje ili na Uledi asikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo dude lenu limeamka?"

"Bado, mama. Tunalifanyia kazi."

"Jumamosi nafungua duka. Nimeshaita watu wa dua, nimeshaita wa pilau. Sasa mteja akinunua nimpe risiti au nimpe pilau?"

"Mpe pilau, mama," Uledi alidakia, "risiti atakuja nayo Candida."

"Wewe Uledi nakujua, huna haya," Bi Sabaha alisema, akakata simu.

Siku hiyohiyo ndipo alipopanda Evarista, dada mkubwa wa Beno. Naye ni mwenye duka, anauza mashuka na mapazia mtaa wa pili. Kila siku tangu msiba hakukosa kumletea wifi yake chakula. Lifti ya jengo lile haijatembea tangu liwekwe rangi, hivyo Evarista alifika mlangoni ameshika kiuno, kitenge kimemlegea, hotipoti mkononi.

"Jengo hili lilijengwa na mtu asiye na magoti," alisema. Akaketi. Akafungua hotipoti, mtori, mvuke ukapanda na harufu ya nyama na ndizi. "Kula."

"Nitakula, wifi."

"Jana ulisema hivyohivyo, na hotipoti ikarudi nzito kama ilivyokwenda." Akajipepea kwa ncha ya kitenge. "Haya, nisikilize. Jumapili baada ya misa tunagawa nguo za marehemu. Baba mdogo ameshapiga simu, anasema yafanyike hukuhuku mjini, watu wasisafiri tena. Mashati wanachukua wadogo zake. Suti anaitaka Baba mdogo mwenyewe. Tumboni haifungi, lakini ataifunga kwa imani. Lile koti la kazi nimeona nimpe Anaeli, kule gereji anaharibu nguo. Na wewe je? Kuna kitu unakitaka?"

Candida alitazama mtori. Juu ulishaanza kufanya utando.

"Vyote sawa tu, wifi."

"Sawa tu siyo jibu."

"Fanyeni mnavyoona."

Evarista akamsogezea hotipoti karibu zaidi. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, na alikuwa amefiwa na mdogo wake wa kumfuata. "Haya," alisema. "Umesema mwenyewe." Akajifunga kitenge upya, akashuka, akihesabu ngazi kwa miguno ya magoti.

Sasa nikuambie habari ya lile koti. Lilikuwa la bluu, la kitambaa kigumu, koti la mafundi wa ughaibuni. Beno alilinunua mtumba, Mchikichini, kabla hawajaoana. Kifuani lilifumwa jina la mtu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Viwiko vilishachujuka vikawa kama majivu. Mfuko wa kulia uliwahi kuchanika kwa sababu ya bisibisi, na Candida akaushona kwa mkono, uzi mwekundu, maana mweusi ulikwisha. Beno aliutazama ule mshono akacheka hadi akakaa chini. "Mke wa fundi, mshono kama njia ya panya." Na hakuufumua. Alilivaa vilevile, mbele za watu wanaoishi kwa kushona.

Koti lilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, pale lilipotundikwa na mwenyewe mara ya mwisho. Linanuka mafuta ya cherehani. Candida hakuligusa. Alilala akilitazama, akaamka akalitazama. Chakula hakukitaka, usingizi hakuutaka, watu hakuwataka wala hakuwakataa. Katika mwili wake wote uliokufa ganzi, kulibaki mahali padogo pamoja palipo hai, na hapo palitaka koti.

Utauliza, sasa kwa nini asiseme?

Kwao Candida, nyumbani kwa bibi yake kule Masasi, mfiwa haombi. Anayeomba kitu msibani anaonekana alikuwa anakingoja. Mfiwa hukaa kwenye mkeka, akanyamaza, na wenye macho humwona. Alipokufa babu yake, bibi alikaa hivyo, hakutamka neno. Nguo zikagawiwa, jembe likagawiwa, baiskeli ikaondoka. Mwisho mkaza mwana mmoja akainuka, akachukua ile fimbo ya babu iliyochongwa kichwa cha ndege, akailaza mapajani pa bibi. Hakuna aliyemtuma. Bibi akaifunika kwa kanga yake, basi. Candida alikuwa mdogo, akaona, na akajua ndivyo dunia inavyokwenda. Hata Beno alishaizoea desturi hiyo: akimwona mkewe amenyamaza mbele ya sahani, anainuka kumletea pilipili.

Lakini kwa kina Evarista haikuwa hivyo. Wao walikulia nyumba ya watoto wengi na sufuria moja. Anayetaka paja la kuku anasema nataka paja. Asiyesema ameshiba.

Kwa hiyo Candida akanyamaza, akingoja aonwe. Na Evarista akasikia kimya chake, akadhani ameshiba.

Ijumaa mchana Uledi akaenda kuswali. Maduka mengi ya chini yakashusha milango nusu, mtaa ukapungua kelele kidogo. Candida alibaki na kile kijiboksi cheusi.

Inabidi ujue kwamba ndani ya programu moja kama ile hafanyi kazi mmoja. Wamo wengi kwa pamoja, wenyewe wanawaita nyuzi. Uzi mmoja unapokea mauzo, mwingine unapokea mzigo mpya, mwingine unatuma habari kwa tajiri. Wote wanachota kwenye stoo moja, na wakiingia pamoja watavuruga hesabu: huyu anatoa doti, yule anaongeza, mwisho haijulikani zimebaki ngapi. Ndiyo maana pamewekwa kufuli. Anayeshika kufuli ndiye anayegusa mzigo. Wengine wanakaa nje mpaka atoke.

Na kuna namna ya kuiambia mashine isimame kama ilivyo, kila mmoja abaki alipo, mguu juu, halafu ukapita kuwatazama mmojammoja. Candida akafanya hivyo. Uzi wa mzigo mpya alimkuta nje ya mlango wa stoo, anangoja kufuli. Uzi wa kutuma habari, nje ya mlango huohuo. Sawa. Sasa nani yuko ndani na kufuli? Akatazama. Ni uzi wa mauzo.

Na uzi wa mauzo yuko wapi?

Naye alikuwa nje ya mlango, anangoja kufuli.

Candida akasoma tena kutoka juu, kidole kwenye kioo. Aliyeshika kufuli na anayelingoja, namba yao ni moja. Mtu mwingine angepiga meza, angecheka, angempigia mtu simu. Yeye aliinuka akawasha birika, akasimama karibu nalo mpaka maji yakachemka, yakajizima, yakaanza kupoa. Hakumimina.

Uledi alirudi na tende kwenye mfuko wa karatasi. "Karibu tende, shemeji."

"Nimempata."

"Nani?"

"Aliyeshika kufuli. Ni uzi wa mauzo."

"Alaa. Sasa anangoja nini humo?"

"Anangoja mwenye kufuli atoke."

"Mwenye kufuli si yeye?"

"Ndiyo yeye."

Uledi akaketi taratibu, tende mdomoni, akatafuna mara moja akaacha kutafuna. "Anajingoja mwenyewe."

"Anachukua kufuli, anapunguza mzigo. Kabla hajalirudisha anakwenda kuchapa risiti. Na kuchapa risiti tuliandika siku nyingine, unakumbuka? Tukasema risiti ionyeshe na mzigo uliobaki. Kwa hiyo pale napo anaomba kufuli. Lilelile."

"Lakini kwenye Windows mbona anapita?"

"Windows wanamjua. Mwenye kufuli akigonga mara ya pili wanamwambia aa, ni wewe, pita. Huku kufuli la kawaida halimtazami mtu usoni. Linaona limeshikwa, linasema subiri. Hata kama aliyelishika ni wewe."

"Mpaka lini?"

"Halina mpaka lini. Halikukatai, halikuandikii kosa. Linakuacha tu umesimama."

"Nyumba gani hiyo haina hata mtu wa kuuliza nani mwenzangu," Uledi alisema. "Na hilo kufuli lenye akili huku hawana?"

"Wanalo. Ila lazima uliombe. Pale unapotengeneza kufuli unatamka aina: nataka lile linalomruhusu mwenyewe kurudi ndani. Usiposema, unapewa la kawaida."

"Na sisi hatukusema."

"Hatukusema. Tulidhani kila mahali wanajua."

Uledi akatema kokwa ya tende kiganjani, akaitazama. Akasema walimu wao wangewachapa. Kwamba dawa hasa ni kutogonga mara mbili, wapange upya nyuzi zote, kila mmoja ajue zamu yake. Candida akamwambia ni kweli, lakini hiyo ni kazi ya kukaa chini, na pilau la Bi Sabaha ni kesho. Uledi akakubali kwamba pilau halisubiri.

Kwenye programu yao kulikuwa na mahali pa njia panda, panaposema: ukijikuta Windows tumia hili, ukijikuta Linux tumia lile. Upande wa Linux palikuwa na mstari mmoja mfupi, Candida aliuandika mwenyewe zamani, wa kuomba kufuli bila neno la ziada. Akaongeza mistari michache juu yake. Nataka kufuli. Nalitaka la aina hii. Kwa lugha ya mashine, lakini ndiyo maana yake. Akaandika mauzo ya doti moja.

Printa ikakoroma, ikatoa risiti. Doti moja, kitenge, mzigo uliobaki chini yake. Akaandika nyingine, ikatoka nyingine. Uledi alizichana na kuzitundika kwenye feni, zikawa zinapepea kama bendera za harusi. Kisha wakairudisha Stoo kwenye kompyuta ya zamani, wakaijaribu na huko, maana unaweza kuziba paa la jirani ukatoboa la kwako. Huko nako ikaenda.

"Shemeji, hata kutabasamu?"

"Nimefurahi," Candida alisema. Alisema kwa sababu ndiyo zamu ya neno hilo.

Jumamosi Bi Sabaha akafungua duka. Watu wakaomba dua, vitenge vikafunuliwa, vijiboksi vyeusi vikafanya kazi. Candida akapewa sahani ya pilau yenye paja zima, akala lote, asijue kama lilikuwa na chumvi.

Jumapili baada ya misa ndugu wakaja nyumbani kwake, Ilala. Wakatandika mkeka sebuleni. Evarista alikuwa ameshatoa nguo kabatini, amezikunja vizuri, kola juu, kila fungu na mwenyewe. Sala ikasaliwa. Mashati yakaenda. Suti akapewa Baba mdogo, akaipima kwa macho akasema itafanyiwa marekebisho. Mtu akanong'ona arekebishwe mvaaji, watu wakacheka kidogo, ule ucheko wa msibani wa kuelekea chini. Viatu vikaenda. Mkanda ukaenda. Candida alikaa ukutani, miguu ameikunja, kanga mabegani, mikono mapajani. Mapaja yalikuwa wazi. Hapakuwekwa kitu.

Evarista akaingia chumbani, akatoka na koti. Kulitoa nyuma ya mlango kulifanya mlango ugonge ukuta, sauti ambayo Candida hakuwahi kuisikia, maana siku zote koti lilikuwa linaukinga.

"Anaeli, shika. Vaa tuone."

Anaeli ni binamu yake Beno, kijana mpole wa gereji, mrefu. Akalivaa. Mikono ilimfikia juu ya vifundo. Akageuka huku na huku, akaingiza mkono mfuko wa kulia. "Linafaa, dada. Asante sana. Ila huu mshono," akauvuta mfuko auone vizuri, "nani alishona, kipofu?"

Watu wakacheka tena. Candida akawatazama wote, uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta mwenye macho. Baba mdogo alikuwa anakunja suti. Shangazi alikuwa anamnyamazisha mtoto. Evarista ndiye aliyekuwa anamtazama yeye, moja kwa moja, na alichoona ni mjane mwenye adabu, ametulia, hana neno na mtu.

Usiposema, unapewa la kawaida.

"Kesho nalifua kwa petroli," Anaeli alisema, "hii grisi yote inatoka."

"Basi," Evarista alisema, akapiga kiganja kwa kiganja kama anayemaliza kukanda unga. "Vimekwisha. Wifi, umeridhika? Tufunge kwa sala?"

Mdomo wa Candida ulikuwa umeshafunguka kwa lile neno lake. Sawa lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akalifunga mdomoni. 

"Hapana," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, kavu. Shangazi akaacha kumnyamazisha mtoto, na mtoto akanyamaza mwenyewe. Evarista akapiga goti kwenye mkeka, mbele yake, goti lile lile bovu.

"Hapana nini, mtoto wa watu? Nimekuuliza Alhamisi, nakuuliza leo. Nani amekufunga mdomo? Sema."

Candida akainua mkono kutoka mapajani, akauonyesha ule mfuko wenye uzi mwekundu.

"Hilo koti," alisema. "Nilikuwa nalitaka mimi. Na msilifue."